Mguu wa Shokapu Ukutani kwa Mzee Pyo

Ndugu, majirani na wenzetu wa soko la vipuri, mzee wetu Pyo Gil-seop alizaliwa tarehe 14 Februari 1949 huko Gimje, mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1961, kisha akaenda Seoul kuosha vyuma katika gereji ya mjomba wake. Mwaka 1979 alifungua duka la vipuri hapa sokoni Janganpyeong, na tarehe 6 Oktoba 1980 alimwoa Ma Ok-rye, wakajaliwa binti mmoja, Eun-sil.

Mwezi Mei 1984 fundi mmoja aliomba shokapu, mzee akampa shokapu tupu, kumbe alitaka mguu mzima, yaani shokapu pamoja na springi, beringi na vifungio vyake, na fundi, kwa kuona aibu kurudi, akaifunga na beringi ya zamani iliyochakaa, usukani ukakwama kwenye kona na dereva wa teksi akavunjika mkono. Mzee hakumlaumu fundi, bali alifungua mguu mmoja wa shokapu na kuutundika ukutani kipande kwa kipande, kutoka juu kwenda chini, kila kimoja na kibao cha jina lake: nati, kishikizo cha juu, beringi, kikalio cha springi, springi, raba ya kuzuia kishindo, mpira wa vumbi, na mwisho shokapu yenyewe. Tangu hapo, aliyesema, "Mzee, nipe lile dubwana la juu," alijibiwa, "Madubwana hatuuzi, bwana, nenda ukutani ukalishike kwanza."

Tarehe 9 Machi 2021 alipata kiharusi, mkono ukapona lakini majina yakapotea, kijiko kikawa "hiki" na mkewe akawa "wewe", na siku aliposhindwa kumtaja alilia, nasi tukahofu kwamba angeondoka bila kumwita tena. Kwa miezi mitano Eun-sil alimleta dukani kila asubuhi, akafunika vibao, akamshikisha vyuma kimoja kimoja, na mama Ok-rye akatundika picha yake mwenyewe chini ya shokapu, bila jina.

Tarehe 21 Agosti mzee alianza kwenye nati, akashuka bila kukwama hadi shokapu, akafika kwenye picha, akasema, "Ok-rye." Mama akamjibu, "Nimekuja baada ya mpira wa vumbi, Baba Eun-sil, lakini nimefika," na maduka ya jirani yakacheka.

Baada ya hapo alizungumza miaka miwili, mara nyingi kupita kiasi. Tarehe 2 Novemba 2023 alikula mchana, akamwambia, "Ok-rye, supu ilikuwa na chumvi," akajilaza, na moyo ukasimama, akiwa na miaka 74.

Tunawashukuru madaktari, mwalimu wake wa matamshi, majirani waliopika, na mafundi waliofunga gereji zao leo. Duka litafunguliwa keshokutwa na Eun-sil, na ule mguu utabaki ukutani, pamoja na picha.

Pumzika kwa amani, Baba Eun-sil, hukuacha jina hata moja nyuma.