Matonya na Paa la Bibi Sara

Tarehe 31 Oktoba 1996, Bwana Methusela Matonya, mkaguzi wetu wa majengo, anastaafu baada ya miaka thelathini ya utumishi. Licha ya jina lake, ana miaka sitini tu.

Alianza kazi mji ukiwa na majengo machache ya kukagua. Biashara huria iliporuhusiwa na kila mtu akataka duka, mtaa wa Nkuhungu ukaota kuta mpya kila wiki. Bwana Matonya alizisukuma kwa kiganja. Zilizoanguka hazikuhitaji ripoti ndefu.

Iliyomnyima usingizi ni tembe ya Bibi Sara, nyumba ya paa bapa katika mtaa wa Chang'ombe. Kila mwaka kabla ya mvua, majirani, Wakristo kwa Waislamu, walipanda juu ya paa lake la udongo, wakamwaga udongo mpya na kuukanyaga kwa ngoma mpaka ushikane. Mwaka 1991 Bwana Matonya aliingia ndani, akakuta boriti zimebonyea kama kitanda cha kamba. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kushusha udongo wa zamani. Ulikuwa unafika magotini, na mtaa mzima ulikuwa unajiandaa kwenda kuruka juu yake.

Sheria ilimtaka abomoe. Alimwamkia Bibi Sara shikamoo, kisha akamweleza kwamba nyumba itamwangukia. Bibi Sara aliitikia marahaba, kisha akasema udongo ule ulikanyagwa na marehemu mumewe, na kama ni kubomoa, abomoe yeye akiwa humo humo ndani.

Bwana Matonya akapendekeza ngoma iendelee, ila watu wasiruke kwa pamoja. Walijaribu kwanza uani, kila mtu akaruka kwa wakati wake, wakakanyagana. Waliokuwepo hawapendi kukumbushwa.

Ndipo akavua koti, akapanda na koleo. Udongo wote ukashushwa na kutandazwa uani, boriti zikabadilishwa, na paa likapewa udongo mwembamba uliopigwapigwa kwa mbao. Ngoma ikapigwa uani, juu ya udongo uleule. Bibi Sara alitoka amenuna, akakanyaga mara moja, akalia, akaendelea kukanyaga. Hata sisi wa ofisini tulilia.

Tangu hapo, kila mwaka udongo wa zamani hushushwa kwanza, na ngoma huchezwa uani. Bwana Matonya hajakosa hata mara moja, lakini hajawahi kucheza. Wengine wakicheza, yeye husimama ndani peke yake, akitazama boriti.

Mwaka huu Bibi Sara ametuma salamu: cheo kimekwisha, kwa hiyo avue viatu, aje uani kucheza. Asante kwa yote, Bwana Matonya. Tunakutakia mapumziko mema, na kacheze bila wasiwasi. Boriti tutazitazama sisi.