Jedwali Alilolifuta Losena

Kila Ijumaa kazi ikiisha, benchi la nyuma ya ofisi yetu ya takwimu za mvua hapa Suva hugeuka bunge. Ijumaa hii Losena alikuja amenywea. Akapewa kifuu cha kava, kinywaji chetu cha mizizi, akapiga kofi moja kama ilivyo desturi, akanywa, ndipo akatuambia: asubuhi, katika kufanya usafi kwenye mfumo wa kompyuta, amefuta jedwali la mvua za kisiwa cha Kadavu. Miaka kumi na tisa. Mwenye ufunguo wa stoo ya mafaili ya mfumo huo alikuwa angani, anarudi kutoka Labasa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuchungulia kama mafaili bado yamo. Tukabaki na kazi tunayoiweza, kubishana.

Spika, mkorogaji wetu wa kava, ndiye aliyefungua kikao.

— Swali ni moja tu, dada. Lilikuwa jedwali la ndani au la nje?

— Sijui, kaka! Nimelikuta hapa.

— La nje ni kibao tu cha duka. Ukiking'oa, mikate bado imo. Mafaili yanabaki palepale kwenye folda.

— Na la ndani?

— Hapo mfumo unajiona ndio mwenye mali. Ukiuamuru ufute jedwali, unafagia na mafaili. Kwaheri.

Kebo, fundi nyaya, hakubali kupitwa.

— Acha uongo, binamu! Mfumo unaficha tu. Mle ndani kuna jalala, vitu vinalala siku saba.

— Umeliona?

— Nimelihisi. Na faili likikosa jedwali linatangatanga. Printa yetu inavyogoma kila Jumatatu, unadhani ni nini? Mvua ya Kadavu imo humo!

Tukacheka, hata Losena kidogo. Hapo akatokea Mama Vilisi, mpima mvua wa Kadavu, ametoka bandarini kufuata betri za kipimo chake. Spika akampa kifuu na habari yote, kuanzia kibao hadi jalala.

— Kumbe la nje ni kama kuna daftari pembeni?

— Hasa, mama!

— Sasa mnahangaika nini? Daftari zangu zote niliwaletea mwaka jana, mkasema mtanitunzia. Ziko wapi?

Losena alinitazama kwa matumaini, maana mimi ndiye niliyezipokea. Mimi nikatazama chini. Mwezi wa pili nilizipakia mwenyewe kwenye gari la taka, kwa sababu kila kitu kilikuwa tayari kwenye mfumo.

— Jamani, ziko wapi?