Jezi Yenye Kitambaa Cheusi

Loretta hasikilizi ya watu, ila yakiwa matamu. Kwenye treni ya kwenda uwanja wa besiboli, Cleveland, yalikuwa matamu.

"Timu inajengwa upya, mzee," kijana mwenye jezi alimwambia mzee aliyeketi kando yake. "Wakongwe wasio na mkataba, wa nini? Vijana wacheze."

"Mkono wangu bado unarusha mpira, bwana mdogo. Nangoja wanipigie simu tu."

Kijana akacheka. "Kwani ulivaa namba ngapi?"

"Thelathini na moja."

Kicheko kikakatika. Kwenye mkono wa jezi ya kijana kulikuwa kumeshonwa kitambaa cheusi cha maombolezo chenye namba hiyo, ya mrushaji wa timu aliyezikwa mwezi wa pili.

Treni ikasimama kituo cha uwanjani. Mzee hakuinuka.

"Ukifika," alisema, "waambie sijastaafu."