Mwalimu Mukendi na Mechi Iliyoahirishwa Mara Mbili

Padri wetu, wazazi, walimu, wanafunzi wa Butembo, na ninyi wa Beni mliokuja kwa mpira mkakuta kilio, asanteni kwa kusimama mbali mbali kama daktari alivyotuomba, nanyi mama zangu mlioketi pale kwenye mikeka, naomba tusikilizane kidogo kabla ya kumpeleka mwenzetu. Anayesoma ni mimi, Salomon Mathe, kaka yake mjane, kwa sababu ndugu wa marehemu wako Kananga, ng'ambo ya mstari wa vita, na hatujui hata kama habari hii imewafikia. Wengi wenu mnanijua kama kocha wa Beni, na mnajua kwamba kwa miaka kumi na saba marehemu na mimi tulikuwa shemeki, yaani mashemeji, siku zote za mwaka isipokuwa moja.

Bertrand Mukendi alizaliwa tarehe 14 Septemba 1955, katika mji uliokuwa unaitwa Luluabourg, ndio Kananga ya leo, huko Kasai, mtoto wa tatu wa fundi wa reli, akasoma shule ya msingi kwa wamisionari kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akaendelea na sekondari papo hapo, akapata diploma ya Serikali mwaka 1974, halafu akaivuka nchi nzima mpaka Bukavu, ambako alimaliza chuo cha ualimu mwezi wa Julai 1978, katika tawi la mazoezi ya mwili, tawi ambalo baba yake alikufa bila kukubali kwamba ni elimu.

Tarehe 2 Oktoba 1978 Serikali ilimtuma hapa Butembo, Collège Saint-Aubin, akashuka kwenye lori na shati la mikono mifupi, baridi ikampokea kama mgeni asiyetakiwa, na watu wakampa mwaka mmoja tu. Aliikuta mechi yetu ikiwa tayari na sifa zake, Saint-Aubin ya Butembo na Saint-Gervais ya Beni, mara moja kwa mwaka, siku ambayo maduka yanafungwa na uchumba unavunjika, lakini pia aliikuta desturi yake, kwamba baada ya filimbi ya mwisho wenyeji huwalisha wageni, timu mbili zikichanganyika kwenye beseni moja la bugali na samaki, ili ugomvi ubaki kiwanjani.

Ni kwenye beseni hilo, mwaka 1983, alipomwona dada yangu Adèle Kahongya akigawa samaki, na nadhani siku hiyo hakula. Baba yetu alikuwa amekwisha kukubali mbuzi wa mahari, lakini mwezi wa Aprili 1984 Butembo wakatufunga tatu kwa moja, basi mzee akaongeza mbuzi mmoja, akasema huyo ni wa lile goli la tatu, na Bertrand akamleta bila kinyongo, amemfunga shingoni kitambaa cha rangi za Saint-Aubin. Walifunga ndoa parokiani Beni tarehe 28 Julai 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu, Élodie aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1986, Stanislas wa tarehe 30 Novemba 1989, na Nadège wa tarehe 11 Februari 1994, wote hapa Butembo, wote wa upande wa baba yao siku ya mechi, jambo ambalo sijalisamehe.

Vita vilipokuja mwaka 1996, na vikaja tena mwezi wa Agosti 1998, mshahara wa Serikali ulikatika, barua za Kananga zikakoma, wenzake waliotumwa huku kutoka mikoa mingine wakatafuta njia ya kurudi kwao, yeye akashika jembe katika shamba la viazi la mke wake na akaendelea kufundisha. Vijana wetu walikuwa wakiitwa na kila mwenye bunduki, mjini na porini, naye alikuwa na sheria moja tu, kwamba asiyeingia darasani asubuhi haingii kiwanjani jioni, na kwa sheria hiyo aliwashika vijana ambao hotuba zetu hazikuweza kuwashika.

Mechi ya mwaka huu ilipangwa tarehe 18 Machi, ikaahirishwa kwa sababu ya kolera, na wiki ileile wachezaji wake watatu wakaenda porini, akawafuata kwa miguu upande wa Kasugho, akarudi na wawili, matope mpaka magotini, lakini wa tatu, Phinées, beki wake mkubwa, hatujui aliko mpaka leo. Ikapangwa tena tarehe 29 Aprili, ikaahirishwa tena, na safari hii alisimama katika kikao cha wazazi na watu wa afya, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kasai tulichokicheka miaka yote, "Kama mechi haiko, pori iko. Muchague." Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Daktari alikubali kwa masharti, watazamaji wasimame nyuma ya kamba kwa nafasi, watu wanawe kwa maji ya klori mlangoni, kila mchezaji aje na chupa yake ya maji yaliyochemshwa, asishikwe mtu mkono, na beseni lisiwepo. Hapo wazazi wetu wa Beni wakagoma, mzee mmoja akasema, "Mukikatala kula na sisi, njo vita munatuitia," na kusema kweli mechi nusura ife kwa ajili ya bugali. Wiki iliyofuata marehemu alipanda baiskeli mpaka Beni, akipita barrière, vile vizuizi vya askari barabarani, na kikapu nyuma, akawawekea wazee mezani viazi vilivyochemshwa na maganda yake, mayai na ndizi, akawaambia hiki ni chakula chenye kuvaa nguo, chungu kitakuwa kimoja, lakini kila mutu atavua cha kwake. Wazee wakamenya, wakala, wakakubali tarehe 23 Juni. Dada yangu ameniomba niseme hadharani kwamba wazo lile lilikuwa lake, na mimi ninamwamini, maana marehemu hakujua hata kuchemsha maji.

Tension, yaani shinikizo la damu, alikuwa nayo tangu mwaka 1995, na dawa alikunywa alipokumbuka. Jumapili tarehe 17 Juni, baada ya misa, akifunga kamba kuzunguka kiwanja, alishika kichwa, akaketi, akaanguka, wachezaji wakambeba mpaka hospitali, upande wake wa kuume ukiwa umekufa na sauti imekwenda, na Jumatano tarehe 20 Juni 2001, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka arobaini na mitano. Maneno yalizuka mjini kwamba ni kolera, ndipo daktari akaja mwenyewe hapa nyumbani, akasema mbele ya watu kwamba mshipa wa kichwa umepasuka, basi anayetaka kuendelea kusema aseme mbele yake.

Jana lori la Beni lilifika na timu yangu, likakuta turubai la kilio. Kwa desturi yetu penye kilio jembe linalala, na mpira pia, mpaka familia ya marehemu itoe ruhusa, lakini familia iko Kananga, kwa hiyo macho yote yakanigeukia mimi, na kwa kuwa kombe la mwaka jana tulilichukua sisi Beni, na mechi isipochezwa linabaki kwetu, niliwasikia waliosema chinichini kwamba Mathe atalia sana mwaka huu. Nimelia, ndiyo, na bado nitalia, lakini kombe nimekuja nalo, liko pale mezani. Kabla sijafungua kinywa, dada yangu alitoka ndani, akawaambia wazee, "Mimi njo bibi yake. Nitalia ku nyumba. Batoto bende bacheze, juu pori inabangojea." Kwa hiyo, kwa jina la familia, ya hapa na ya Kananga, natangaza kwamba kesho Jumamosi, saa tisa, mechi itachezwa.

Tunawashukuru daktari na wauguzi ambao hawakumwacha hata saa moja, majirani walioleta kuni, maharage na machozi yao, walimu wenzake wa Saint-Aubin, padri wetu, na yule komanda wa barrière aliyepitisha lori letu bila maneno mengi.

Bertrand, shemeki yangu, ninakupenda, na ilinipasa nikuambie ukiwa bado hai. Kesho sitakuhurumia, nimewaambia vijana wangu wawafunge wako kama wanaweza, kwa sababu goli la huruma lingekuudhi kuliko kifo. Lala, mwalimu, amani ya Mungu iwe juu yako, na Jumapili baada ya misa nitakuja kaburini kukuletea matokeo.