Vidole Viwili vya Rra Nane

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Mma Seabelo (kwetu mwanamke huitwa Mma, mwanamume Rra), barabara tu inatutenga na zahanati ya Mosetlha, na hapo ndipo mambo ya nchi yanapoamuliwa kabla serikali haijanawa uso. Asubuhi ile tulikuwa watatu na birika moja la chai. Waziri, tuliyempa jina hilo kwa kusikiliza taarifa ya habari na kuiongezea chumvi. Nane, mgonjwa wa sukari aliyebaki na vidole vinane vya miguu. Na mimi, ninayefuata magwinya, yale maandazi moto ya Mma Seabelo, nikaishia kuambulia kelele. Habari ilikuwa moja: Nesi Onkemetse anakwenda Gaborone kusoma, arudi akiwa nesi wa ngazi ya juu, wa kupima, kutibu na kuandika dawa mwenyewe. Kesho yake kijiji kingekutana kgotla, barazani kwa chifu, kumuaga, na Nane alikuwa ameapa kusimama mbele ya watu wote amwombe chifu amzuie.

Waziri: Mtu mwenye kazi na nyumba ya serikali harudi darasani bure. Hapa kuna kitu.

Mimi: Kitu gani?

Waziri: Ubunge, Rra! Akirudi atamwandikia dawa nani? Watu. Na watu ni nini? Kura!

Mma Seabelo (dirishani): Juzi si ulisema anafuata mume?

Waziri: Mume naye yumo. Mpango ni mmoja, Mma. Tia chai.

Uongo wa Waziri unaambukiza. Nami nikajikuta nimefungua mdomo.

Mimi: Nasikia huko chuoni watafundishwa kutibu hata ng'ombe. Asubuhi anatibu binadamu, mchana anatibu ng'ombe. Bwana mifugo anarudishwa kwao.

Waziri: Eeh! Nilikuwa nasubiri mwenzangu aseme. Hata redioni wameligusia.

Mimi: Wameligusia lini? Nimelitunga sasa hivi!

Waziri: Basi wamekuwahi.

Mma Seabelo akacheka mpaka sinia likamponyoka. Nane hakucheka. Alikuwa anaipuliza chai yake isiyo na sukari, na ilishapoa zamani.

Nane: Ananikimbia mimi.

Waziri: Wewe? Una nini cha kukimbiwa?

Nane: Mguu. Kidonda kinanuka, Rra, mimi mwenyewe nakisikia. Kila wiki yule mama anapiga magoti, anauosha kama anaosha mtoto mchanga. Nani asingechoka? Anakwenda kusoma ili arudi mkubwa, wa kukaa mezani.

Mimi: Acha hizo, mzee.

Nane: Nyie mnatania, mimi naogopa. Nesi mgeni atauangalia mguu huu mara moja tu, aseme ukatwe. Kesho chifu atanisikia. Hata kama ni kulia, nitalia.

Hapo gari la wagonjwa likaegeshwa pembeni. Akashuka dereva wake, Rra Moemedi, mtu wa maneno machache ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi letu. Akatuamkia, akapewa kikombe, akasimama kunywa. Waziri akamsimulia ubunge, mume na ng'ombe. Dereva akatabasamu. Aliposikia habari ya mguu, tabasamu likakatika.

Dereva: Rra Nane, unaikumbuka siku niliyokupeleka hospitali kubwa?

Nane: Homa ilikuwa kali. Nakumbuka dari la gari, basi.

Dereva: Mimi naikumbuka yote. Nesi alipokuvua soksi tu, alijua ni nini. Dawa ya sindano ilikuwa kabatini, palepale zahanati. Lakini ile haruhusiwi kuianzisha bila daktari, na daktari wetu huja Alhamisi. Akapiga simu, akapiga tena, haipokelewi. Ndipo tukatoka mbio. Njia nzima mguu wako aliupakata.

Nane: Na ukanusurika! Si ndiyo maana nilimpelekea mbuzi?

Dereva: Mguu ulinusurika. Vidole viwili vikabaki kule. Tuliporudi, mimi na yeye tu garini, alilia, Rra. Akasema, "Vile vidole nilijua namna ya kuviokoa, sikuwa na ruhusa." Wiki ileile akaanza kutafuta chuo.

Waziri: Hata redioni...

Mma Seabelo: Waziri, nyamaza!

Dereva: Mbuzi ulimpa kwa ajili ya mguu. Kwa ajili ya vile vidole, ulimwambia nini?

Mimi nilikumbuka kifua changu cha msimu wa baridi, nikakumbuka watoto wa Waziri, wote waliozaliwa mikononi mwa yule mama, na hapa tulikuwa tunamgawia ng'ombe. Sisi sote ni wazima kwa sababu yake, na hatukuwahi kukaa tukalisema.

Nane: Yupo?

Dereva: Yupo, anapanga dawa za kumkabidhi mwenzake.

Nane akainuka, akavuka barabara akichechemea. Nesi Onkemetse alimwona kutoka kibarazani, akaingia ndani, akatoka na beseni. Akaanza kupiga magoti kama kawaida yake. Nane akamshika mabega akamzuia. Akaketi mwenyewe kwenye ngazi, akavua kiatu, akafungua bandeji taratibu, akaanza kujiosha. Nesi alisimama pembeni, mikono haijui pa kwenda.

Nane hasikii vizuri, kwa hiyo akisema, kijiji kizima kinasikia.

— Ona, mwanangu, nimejifunza kwa kukuangalia. Nitauosha mwenyewe mpaka urudi. Na vile viwili sina kinyongo navyo, umenisikia? Asante. Nenda kasome.