Tiketi Kumi na Tisa

Habari za mchana, wamama na wazee wa chama chetu. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na kwa vile ananijua, ameshaweka simu mezani anaangalia saa. Leo tuna wageni, kwa hivyo nianze na wao. Mimi nilikuwa mpiganaji. Si ndondi peke yake. Ni ile ya ndani ya kizimba cha waya: ngumi, mateke, kuangushana na kukabana shingo mpaka mmoja akubali. Niliifanya miaka saba. Hili jicho la kushoto mnaloliona limekaa kama la mtu mwenye usingizi, nililiacha huko.

Watu huniuliza, hata hapa kanisani, si nyinyi hulipwa vizuri? Wanaona bango, wanaona taa, wanaona mtu amejifunga bendera. Basi leo nitawaambia nililipwa ngapi, na wengine wenu mtashangaa kusikia ni nani aliyenilipa.

Mwaka jana nilipata pigano kwenye ukumbi mkubwa huko mjini. Niliitwa ofisi ya promota, Hurlingham, juu ya duka la dawa. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nne. Nilisoma ya kwanza, nikatia sahihi ya mwisho. Elfu kumi na tano za kuingia kizimbani, na elfu kumi na tano nyingine nikishinda. Nilipoinuka kwenda, dada wa mapokezi akanipa bunda la tiketi thelathini, kila moja elfu moja.

Nikamuuliza, "Hizi ni za kazi gani?"

"Za kuuza. Ukikosa kuzimaliza, jina linatoka kwa bango."

"Na kama watu wangu hawana?"

"Kila mpiganaji ana watu wake," akasema, akarudi kwa kompyuta.

Watu wangu ni nyinyi. Nilizunguka mtaa wetu wote wa Kabiria. Mama mmoja alinunua, akaniambia hana moyo wa kuangalia mtu akipigwa, akaiweka tiketi ndani ya Biblia. Kuna mzee hapa, simtaji, alinunua mbili, na mpaka leo hajatueleza ya pili ilikuwa ya nani. Jumla mlinunua kumi na moja. Nami sikuthubutu kurudi kwenu tena, kwa sababu najua vile kila mtu hapa huamka na vile hulala.

Zikabaki kumi na tisa na wiki mbili. Jumapili ya wiki hiyo zamu yangu ya chama ikafika.

Wageni, hapa kwetu kila mmoja hutoa elfu moja kwa mwezi, tuko ishirini, na mwenye zamu hubeba zote. Lakini lazima useme mbele ya watu unaenda kununua nini. Halafu Jumapili ya tatu baada ya hapo tunakuja kwako tunywe chai na tukione hicho kitu kwa macho. Hiyo ni sheria ya wamama, na hakuna aliyewahi kuikwepa. Mimi nilisimama pale alipo yule dada mwenye leso ya kijani, nikasema namnunulia mke wangu cherehani. Alikuwa akikodisha ya mtu Kawangware, kwa siku. Mlimpigia makofi mpaka akainama.

Kesho yake nilipeleka elfu kumi na tisa Hurlingham. Nilizinunua zile tiketi mwenyewe, nikazificha kabatini chini ya mashati.

Ndugu zangu, niliwadanganya. Nilijiambia, nitashinda, nitalipwa elfu thelathini, nitanunua cherehani kabla hamjafika, na hakuna atakayejua. Hata nikipigwa, bado nitapata kitu cha kuanzia. Mtu akiwa na haja hujua kupiga hesabu zinazomfurahisha.

Tukapigana Jumamosi. Aliyekuwa mbele yangu ni kijana wa Kinoo, mpole, tuliwahi kufanya mazoezi pamoja. Raundi ya pili kiwiko chake kikaingia kwenye jicho. Nikaona kitu cheusi kinashuka upande mmoja, na refa akasimamisha. Daktari wa pale alinishona ngozi, akanipa vidonge vinne, akasema Jumatatu niende hospitali. Hospitali wakaniambia pazia la nyuma ya jicho limebanduka, lirudishwe haraka, na wakataja bei.

Nilienda Hurlingham nikiwa na bendeji. Wakafungua mkataba ukurasa wa tatu, ule ambao sikusoma. Ukishatoka ukumbini, matibabu ni yako. Nikauliza malipo yangu basi. Bado yanashughulikiwa. Nikaomba kuonana na bosi. Ametoka. Nilikaa kwenye benchi ya mapokezi mpaka msafishaji akapiga deki akizunguka viatu vyangu. Miaka saba nilikuwa mtu wa kutumia mikono, na pale sikujua nifanye nini nayo. Niliiweka magotini. Niliogopa, nawaambia ukweli, niliogopa kuliko siku yoyote kizimbani.

Jumapili ya tatu mkaja. Mke wangu alikuwa bado anaamini mashine italetwa. Alikuwa amesogeza meza, akaacha nafasi wazi karibu na dirisha, akafagia mara mbili. Mkajaa mle ndani, mkanipa pole za jicho, mkapewa vikombe. Mwenyekiti akaangalia ile nafasi.

"Cherehani iko wapi, baba?"

Mke wangu akanigeukia. Nikamwambia afungue kabati, chini ya mashati. Akarudi na zile tiketi, akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akazihesabu pale pale, moja moja, kwa sauti.

"Kumi na tisa. Na pigano lilikuwa lini?"

"Wiki iliyopita, mama."

"Kwa hivyo hizi sasa hazina kazi."

"Hazina."

Nilingoja nitukanwe. Ningefurahi kutukanwa. Alizikunja, akazitia kwenye mkoba wake, akaniuliza hospitali wametaka ngapi. Ndipo mkaanza kufungua pochi. Mama mmoja, ambaye zamu yake ilikuwa ya mwezi uliofuata na paa lake lilikuwa linavuja, akasema nipewe mimi, yeye ameshazoea kupanga sufuria. Nililia mbele yenu, na mke wangu hakunishika mkono. Alikuwa na haki.

Nikafanyiwa upasuaji. Tulikuwa tumechelewa. Jicho hili linaona mwanga, halioni uso.

Nikiwa bado wodini, malipo yangu yakaingia kwa simu. Elfu tisa na mia tano. Walikuwa wamekata vipimo vya damu na gharama ya yule daktari wa vidonge vinne. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilitoa elfu kumi na tisa, nikarudishiwa elfu tisa na mia tano. Nililipa ili nipigwe. Na zile elfu kumi na moja mlizonunulia tiketi, zilizoenda Hurlingham, pia zilikuwa zenu. Promota hakunilipa hata ndururu, ndugu zangu. Mlinilipa nyinyi, halafu mkanitibu nyinyi.

Siku hiyo hiyo yule kijana wa Kinoo akaja kuniona, na mfuko wa viazi kutoka shamba la babake. Mimi nilikuwa nimemchukia kwa sababu ya zile elfu kumi na tano za ushindi. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Niaje, brathe."

"Poa. Wewe ulilipwa?"

Akatikisa kichwa. "Ya kushinda bado. Na nilijinunulia kumi na nne."

"Kumi na nne nini?"

"Tiketi."

Kabla ya hapo nilikuwa nikiamini nimepata kidogo kwa sababu nilishindwa. Sasa aliyenipiga alikuwa amekaa pale, mshindi, anauliza kama kuna anayeweza kumsaidia nauli ya kurudi. Chuki ikanitoka. Kilichoingia mahali pake sikujua cha kukifanyia, na mpaka leo sijui.

Cherehani ipo. Mke wangu aliinunua zamu yake ilipofika, na mkaja mkaiona. Mimi nafundisha watoto mazoezi asubuhi, na mchana nalinda geti. Mama uliyetoa zamu yako, paa lako nililipanda mwenyewe na misumari, na bado nina deni. Asanteni nyote. Nawaomba kitu kimoja tu: mtu wenu akiletewa karatasi, isomeni pamoja, kurasa zote, kabla hajatia sahihi.

Namalizia, mwenyekiti. Yule kijana nimekuja naye. Ni huyo amekaa karibu na mlango. Anapigana Jumamosi ijayo na amebakisha tiketi kumi na mbili. Jana nilikaa naye nimwambie asiende. Akaniuliza, aende wapi? Nikatoa elfu moja nikanunua, na sijui kama nimemsaidia au nimemuumiza. Akiwafikia nazo mkitoka hapo nje, kila mmoja aamue na moyo wake. Lakini msimwombee ashinde. Mwombeeni azimalize.