Hodi Zilizopungua Mashambani: Kumuaga Bwana Jabir Khelef

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Jabir Khelef, Mtafiti Mwandamizi wa Kitengo cha Tathmini ya Athari za Kijamii na Kiuchumi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025.

Alizaliwa Ghulail, Jeddah, kwa wazazi waliotoka Unguja. Kazi ilimleta Riyadh, akapanga chumba mtaa wa Al-Naseem na kumwacha mkewe, Bi Nunu, Jeddah. Miche ya mitende inayooteshwa maabara ilipoenea, yeye ndiye aliyetumwa mashambani kuuliza imewabadilishia watu nini. Hakuwahi kukataa finjani ya kahawa kwa wenyeji wake. Dereva wetu Vincent, Mkenya asiye na subira, alizoea kumchungulia mlangoni: “Mzee, yalla, twende, hiyo kahawa hutaimaliza leo.”

Mchango wake mkubwa ulizaliwa katika vikao hivyo. Zamani, aliyetaka mtende alimwendea jirani kumwomba chipukizi, akakaa, akanywa kahawa. Mti ukizaa, alirudi na tende za kwanza. Siku hizi mche hununuliwa. Katika sura moja ya ripoti yake, Bwana Jabir aliandika kwamba mavuno yameongezeka na hodi zimepungua. Wakubwa walitaka sura hiyo iondolewe, kwa hoja kwamba upweke haupimiki. Alikataa kutia saini ripoti isiyo nayo. Sura ikabaki, ukuu wa kitengo akapewa mwingine. Tangu hapo kila mkulima huulizwa: ni nani aliyekutembelea mwezi huu bila kuitwa?

Mwaka jana alimfundisha mwandishi wa wasifu huu kuhoji, yeye mwenyewe akijifanya mkulima anayehojiwa. Alijibu kwa mzaha, akijigamba kwa mitende asiyokuwa nayo, hadi tulipofika kwenye swali hilo. Aliizungusha finjani yake kitambo, akasema, “Mafi. Hakuna.” Kisha akaagiza tuendelee na swali linalofuata, kwani mhoji hodari hamkodolei macho anayemhoji.

Bi Nunu alifariki miaka mitano iliyopita, na nyumba ya Ghulail imefungwa tangu wakati huo. Huko ndiko anakorejea.

Bwana Jabir, sisi Waswahili wa taasisi hii tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba shamba lina watu. Tunakuombea afya, utulivu na mlango usiosahaulika. Vincent amekwisha kuulizia njia ya Ghulail. Weka kahawa karibu, hatutasubiri kuitwa.